Namna ya Kubaini Umilisi wa Msingi wa Watumishi wa Utawala Katika Tawi la Chuo Kikuu

Tawi la chuo kikuu katika mji kama Malindi huendeshwa na watu wachache wenye kazi nyingi. Karani anayepokea fomu za usajili asubuhi ndiye anayepanga viti vya mtihani mchana, na katibu muhtasi wa mkuu wa tawi ndiye anayeulizwa na mzazi aliyetoka Garsen kwa basi la alfajiri kwa nini jina la mwanawe halimo katika orodha. Upungufu wa mtumishi mmoja katika ofisi ya namna hiyo haufichiki, kwa sababu hakuna idara kubwa ya kuufunika. Mwongozo huu unamlenga mkuu wa tawi, afisa wa rasilimali watu, au mwenyekiti wa kamati aliyekabidhiwa kazi ya kubaini umilisi ambao kila mtumishi wa utawala hana budi kuwa nao, na kuuandika kwa namna itakayotumika. Msimamo wake ni kwamba umilisi huo huchimbuliwa katika kazi inavyofanyika, na kwamba orodha iliyobuniwa mezani au kuazimwa kwa taasisi nyingine, hata ikiandikwa kwa lugha tamu kiasi gani, haitamsaidia mtu yeyote.

Kwanza ni vyema kukubaliana tunatafuta nini. Umilisi ni mchanganyiko wa maarifa, stadi na mwenendo unaomwezesha mtu kuifanya kazi vizuri, tena kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuishuhudia. Mwanasaikolojia wa Marekani, David McClelland, alitoa hoja mwaka 1973 kwamba vipimo vya akili na alama za shuleni havitoshi kubashiri nani atafanikiwa kazini, akashauri wanaochagua wafanyakazi wachunguze yale ambayo watendaji bora huyafanya hasa. Kwa hiyo “kutunza majalada ya wanafunzi” ni jukumu, wala si umilisi. “Stashahada ya usimamizi wa kumbukumbu” ni sifa ya kuajiriwa. Na “mchapakazi” ni sifa tu, ambayo kila msimamizi humpa anayempenda. Umilisi huanza pale tunapoweza kusema mtunza jalada anayeiweza kazi yake hufanya nini ambacho asiyeiweza hakifanyi.

Neno “msingi” nalo lina mpaka wake. Umilisi ni wa msingi iwapo unahitajika kwa msajili msaidizi, kwa mhasibu, kwa mkutubi, kwa mlinzi wa lango na kwa tarishi, ingawa kila mmoja ataudhihirisha kwa kiwango chake. Ujuzi wa kusawazisha hesabu za benki ni wa mhasibu, na kanuni za zabuni ni za afisa wa ununuzi. Hayo yana orodha zake. Kamati nyingi hukosea hapa, zikakusanya kila jambo jema linaloweza kufanywa ofisini, na mwisho wake hutoka na waraka wa vipengele thelathini ambao hakuna anayeukumbuka. Vipengele vitano hadi saba vinatosha.

Kabla ya kumhoji mtu yeyote

Amueni matumizi ya orodha kabla ya kuiandika. Orodha ya kuajiria, ya kupangia mafunzo na ya kutathmini utendaji zinaweza kuwa moja, lakini watumishi wana haki ya kuambiwa mapema itatumikaje, kwani mtu anayehofia kwamba majibu yake yatakuwa sababu ya kuachishwa kazi hatasimulia ukweli. Katika vyuo vya umma, wawakilishi wa vyama vya wafanyakazi, yaani KUSU kwa watumishi wa utawala na KUDHEIHA kwa wale wa huduma, waalikwe tangu kikao cha kwanza. Kuwaita mwishoni waje kutia saini ni kukaribisha mgogoro ambao ungeepukwa kwa barua moja.

Kamati yenyewe iwe ndogo. Awemo mtu mmoja wa cheo cha chini anayekutana na wanafunzi kila siku, mhadhiri mmoja anayetegemea ofisi hizo, na mtu wa kuandika vizuri. Mwenyekiti asiwe yule ambaye ofisi yake ndiyo inayolalamikiwa zaidi.

Kisha someni sheria, kwa sababu sehemu ya orodha imekwisha kuandikwa na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 232 kinataja maadili na kanuni za utumishi wa umma, miongoni mwake viwango vya juu vya maadili ya kazi, matumizi mazuri ya rasilimali, huduma ya haraka isiyopendelea, uwajibikaji, na utoaji wa taarifa sahihi kwa wakati. Kifungu cha 47 kinampa mtu ambaye haki yake inaathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 inafafanua jambo hilo. Ipo pia Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Hayo si ya kupigiwa kura katika kamati. Kazi ya kamati ni kuuliza mambo hayo yanaonekanaje katika ofisi yenye madawati manne na kompyuta mbili.

Kukusanya ushahidi

Anzeni na karatasi: maelezo ya kazi ya kila mtumishi, mkataba wa huduma uliobandikwa ukutani, daftari la malalamiko, na barua zilizorudishwa na makao makuu kwa kuwa na kasoro. Kundi hili la mwisho hupuuzwa, ilhali ndilo linalosema mengi kuliko yote. Barua kumi zilizorudishwa kwa sababu ya nambari ya usajili iliyokosewa zitawafundisha zaidi ya warsha ya siku mbili katika hoteli ya ufukweni.

Baada ya karatasi, kaeni dirishani. Mjumbe wa kamati aketi pembeni ya karani, anyamaze, aandike anachokiona. Wakati wa kufanya hivyo una maana yake: wiki ya usajili wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, siku za mitihani, majuma ya kutayarisha mahafali, na pia siku ya kawaida isiyo na msongamano, maana uzembe huonekana zaidi palipo na utulivu. Ijumaa kuelekea swala ya adhuhuri, na alasiri za mwezi wa Ramadhani, ni nyakati nzuri za kuona jinsi wenzi wanavyoshikiana zamu bila huduma kusimama.

Uti wa mgongo wa kazi yote, hata hivyo, ni mahojiano ya visa vya kazi. Njia hii ilielezwa mwaka 1954 na John Flanagan, mwanasaikolojia wa Marekani, baada ya kuitumia katika utafiti wa marubani wa jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Badala ya kumwuliza mtu “mtumishi bora ana sifa gani?”, swali ambalo huzaa hotuba, mwulizeni asimulie kisa kimoja kilichotokea kweli. “Bi Mwanasha, tafadhali nikumbushe siku moja muhula huu ambapo kazi ya mtu ofisini, yako au ya mwenzio, ilimtoa mtu katika shida. Ilianzaje? Alifanya nini kwanza, kisha nini? Alijuaje la kufanya? Iliishaje?” Halafu ombeni kisa cha pili ambacho mambo yaliharibika, na hapo sisitizeni kwamba jina la aliyekosea halitakiwi. Mtu akisema “alionyesha kujitolea,” mrudisheni taratibu: alifanya nini hasa hata ukaona kwamba amejitolea?

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anatoka Faza. Amevuka kwa boti hadi Mokowe, akapanda basi, akafika Malindi jioni. Cheti chake cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kinasema Mohamed Shee Ali na kitambulisho kinasema Mohammed Ali Shee. Karani wa kwanza anamwambia majina hayalingani, arudi nyumbani akarekebishe. Karani wa pili anaziweka hati mbili sambamba, anatambua kwamba tofauti ni ya tahajia na ya mpangilio wa majina ya baba na babu, anamweleza mwanafunzi kwamba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, unaweza kukwama tofauti hiyo ikiachwa, anampa orodha ya hati za kuleta na mahali pa kula kiapo cha majina, anampokea kwa masharti kama kanuni zinavyoruhusu, na anaandika katika jalada tarehe ya mwisho ya kukamilisha. Wote wawili wanajua kusoma, na pengine wote wana stashahada ileile. Katika kisa hicho kimoja mmekwisha kupata umakini wa kumbukumbu, ujuzi wa kanuni pamoja na mipaka yake, uwezo wa kueleza matokeo ya jambo kabla halijatokea, na ufuatiliaji.

Visa viwili au vitatu kwa kila mtumishi hutosha katika tawi dogo. Wahojini pia wahadhiri, viongozi wa wanafunzi, na mtu mmoja au wawili wa makao makuu wanaopokea kazi kutoka kwenu, kwa kuwa wao huona makosa ambayo tawi halijui kwamba linayafanya. Endeleeni hadi mtakapokuwa mnasikia matendo yaleyale yakirudiwa katika visa tofauti.

Wapo watu, hasa wazee wa kazi, ambao hawapendi kusimulia. Kwao ifaayo ni mbinu iliyotokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani, George Kelly, ya mwaka 1955. Mwombeni mhojiwa afikirie watumishi watatu anaowafahamu, bila kuwataja, kisha aseme ni jambo gani katika utendaji linalowafanya wawili wafanane na watofautiane na wa tatu. Mara moja tofauti za kweli hujitokeza: “Wawili hawa ukiwapa barua, wanaisoma hadi mwisho. Huyu mwingine anasoma kichwa cha habari tu.”

Kutoka visa hadi vipengele

Andikeni kila tendo mlilolisikia katika kadi yake, kwa kitenzi, bila sifa. Tandazeni kadi mezani na mziweke pamoja kwa mujibu wa zinavyofanana, na kila mjumbe afanye hivyo peke yake kabla ya kulinganisha. Makundi mtakayokubaliana ndiyo vipengele vya umilisi vya awali. Kipeni kila kimoja jina la kawaida ambalo tarishi atalielewa bila kamusi.

Kisha mpitishe kila kipengele katika maswali matatu. Je, kinahitajika katika kila kazi ya utawala tawini? Kikikosekana, huduma itaharibika kwa namna inayoonekana? Na je, msimamizi anaweza kukishuhudia bila kukisia yaliyo moyoni mwa mtu? Swali la kwanza huondoa “uongozi”, ambao una mahali pake katika orodha ya wakuu wa ofisi. La pili mara nyingi huondoa “ubunifu”, neno linalopendwa mno na waandishi wa mipango mikakati, ingawa karani wa mitihani mwenye ubunifu ni mtu wa kuogopwa. La tatu huondoa “uaminifu” kama ulivyo, na kuwalazimisha mseme uaminifu unavyotendeka.

Uandishi wa maelezo ndio sehemu ngumu. “Huwasiliana vizuri na wateja wa ndani na wa nje” ni sentensi isiyomkamata yeyote. Linganisheni na hii: “Humweleza mzazi au mwanafunzi yaliyomo katika barua rasmi kwa Kiswahili fasaha, bila kuacha sharti, ada wala tarehe, na huthibitisha kwamba ameelewa kwa kumwomba arudie hatua inayofuata.” Viwango navyo visizidi vitatu. Katika mfano huu, anayeanza kazi hueleza barua za kawaida na huuliza anapotatizika. Mwenye uzoefu hueleza pia zile zenye habari mbaya, kama kusimamishwa masomo. Na msimamizi huzirekebisha barua zenyewe kabla hazijatoka, ili zisihitaji kuelezwa sana.

Yanayoelekea kujitokeza Malindi

Siwezi kuwaandikia orodha yenu, lakini yapo mambo ambayo mazingira ya hapa huyaleta mezani. Lugha ni la kwanza. Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, lakini barua za chuo huja kwa Kiingereza, na mzee aliyetoka Magarini amezoea Kigiriama na Kiswahili. Kumsomea barua kwa haraka na kumwambia “ndivyo ilivyoandikwa, mzee wangu” si kumhudumia.

La pili ni undugu. Mji ni mdogo, na anayesimama dirishani huenda ni mtoto wa shangazi, jirani wa Muyeye, au mtu aliyewahi kukupa lifti hadi Watamu. Ukarimu wetu wa Pwani haupaswi kufutwa na waraka wa ofisi. Mgeni akaribishwe, aketishwe, aulizwe safari. Kinachotakiwa kuandikwa ni tendo: mtumishi anayehusiana na mwombaji humjulisha msimamizi wake na kulikabidhi jalada kwa mwenzake, na mpangilio wa foleni hubaki ulivyo. Chini ya kipengele hichohicho cha uadilifu liwekwe jambo la fedha, kwamba hakuna ada inayopokelewa kwa nambari ya simu ya mtumishi hata kama mfumo wa malipo umegoma na mwanafunzi anaomba msaada huku mtihani ukianza kesho.

Usiri wa kumbukumbu ni rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Orodha ya alama yenye majina na nambari za usajili ikitumwa katika kundi la WhatsApp la darasa “ili wasisumbuke kuja ofisini”, nia ni njema na kosa ni lilelile chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, umilisi unaotofautisha tawi linaloheshimika na tawi linalolalamikiwa ni ufuatiliaji. Uamuzi mwingi hufanyika makao makuu, yawe yapo Kilifi, umbali wa kilomita zipatazo 60, au Mombasa, au Nairobi, na jibu jepesi kuliko yote katika ofisi za matawi ni “tumepeleka, tunangoja.” Mtumishi mwenye umilisi huu huandika tarehe aliyopeleka suala, jina la ofisi iliyolipokea na siku atakayoulizia; huulizia siku hiyo; na humpigia mwanafunzi kumweleza hali ilivyo kabla mwanafunzi hajapoteza nauli kuja kuuliza. Mto Tana ukifurika kwa mvua na barabara ya Garsen ikakatika, mwanafunzi wa Witu au Hindi, kule Lamu, ambaye ofisi haikumpigia simu ataipata taarifa baada ya muda wa rufaa kupita. Katika mahojiano yenu, hesabuni ni visa vingapi vilivyoharibika kwa sababu ya mtu kutojua kazi na vingapi kwa sababu hakuna aliyefuatilia, kisha muamue kipi kitangulie katika orodha.

Ujuzi wa mifumo ya kompyuta utatajwa na kila mhojiwa. Uwekeni, ila msiufunge kwenye programu fulani, kwa kuwa programu hubadilishwa. Tendo linalodumu ni kuendelea kuhudumia mtandao unapokatika: kuandika katika daftari, kutoa risiti ya hati zilizopokelewa, na kuingiza yote katika mfumo siku hiyohiyo unaporudi.

Kujaribu rasimu

Rasimu isipelekwe kuidhinishwa kabla ya kujaribiwa. Chagueni watumishi wawili ambao kila mtu anakubali kwamba wanaiweza kazi, muwatathmini kwa rasimu hiyo, muone kama inawatambua; ikiwapa alama za wastani, kasoro ni ya rasimu. Halafu wasimamizi wawili wamtathmini mtumishi mmojamoja kila mtu kivyake. Wakitofautiana sana katika kipengele fulani, maelezo yake yana neno lisiloeleweka na yaandikwe upya. Ridhaa ya watumishi hao itafutwe kwanza, na karatasi za majaribio zisiingizwe katika majalada yao.

Angalieni pia kama kuna anayefungiwa mlango bila sababu. Sharti la “kuzungumza Kiingereza fasaha” likiwekwa kwa tarishi na mtunza bustani litawaondoa watu wa hapahapa wanaoiweza kazi, na sharti la kuwepo ofisini hadi usiku litawagusa zaidi akina mama wenye watoto wadogo. Kipengele kisichotokana na kisa chochote mlichokisikia kina asili ya mashaka, na inafaa kiondolewe hata kama makao makuu wanacho. Huu ndio wakati wa kuzisoma orodha za wengine, kama vile vipengele vinane vya umilisi wa msingi ambavyo Umoja wa Mataifa ulivitangaza mwaka 1999, au vipengele saba vya mtaala wa umilisi (CBC) wa Kenya, ili kukagua kama kuna mliloliacha kwa kusahau.

Katika kuajiri, mwache msailiwa atende. Mpeni folda yenye barua tano, mojawapo ikiwa ya dharura, nyingine ya siri, nyingine ina nambari ya usajili isiyolingana na jina, na mumpe nusu saa aseme ataanza na ipi na kwa nini. Mtajifunza mengi kuliko kwa kumwuliza anajiona wapi baada ya miaka mitano.

Baada ya baraza la chuo au mamlaka inayohusika kuidhinisha, maelezo ya kazi ya kila mtumishi yarekebishwe yaendane na orodha, la sivyo kutakuwa na nyaraka mbili zinazopingana, na mtumishi atashikilia ile inayomfaa. Orodha ipitiwe upya kazi inapobadilika. Utaratibu mpya wa ufadhili wa wanafunzi wa vyuo vikuu uliotangazwa mwaka 2023, kwa mfano, uliwaleta dirishani wazazi wanaouliza kwa nini mtoto wao amewekwa katika daraja fulani la uhitaji, swali ambalo karani wa zamani hakuwahi kuulizwa. Na wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wanatarajiwa kuingia vyuo vikuu mwaka 2029, wakiwa na rekodi za tathmini zisizofanana na zile za KCSE ambazo masjala zetu zimezizoea. Kila toleo liandikwe tarehe na jina la ofisi inayolitunza, litolewe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na katika ukurasa wa kwanza ielezwe ni nakala ya lugha ipi itakayofuatwa endapo zitatofautiana.